Gunia Limefika: Je, Chakula cha Samaki Bado Ni Kizima?

Somo kwa wanamemba wa makoperative ya wafugaji wa samaki, Uvira, bonde la Ruzizi na mwambao wa kaskazini wa Ziwa Tanganyika



Somo la leo tunalianza na kosa letu wenyewe. Kuna koperative moja katika bonde la Ruzizi ambayo ilitusikiliza vizuri sana. Kabla ya mvua kuanza, tuliwaambia: nunueni chakula cha samaki kwa wingi, bei ya jumla inashuka, na mvua ikishika barabara inakuwa mbaya. Wakachanga, wakanunua magunia 20 ya kilo 25. Wakayapanga vizuri katika depo, ukutani, moja juu ya lingine. Sisi tukapiga picha, tukaondoka na furaha.

Mwezi wa tatu tukaitwa. “Njooni muone, samaki ziko zinakataa kula.” Tulipofika tuliangalia maji kwanza, maana mara nyingi shida ni maji. Maji yalikuwa na rangi nzuri ya kijani, na samaki hawakuwa wakihema juu alfajiri. Lakini vidonge vya jana yake vilikuwa bado vinaelea pembeni ya bwawa, vimevimba. Tukaenda depo. Magunia ya juu yalikuwa mazuri. Yale ya chini, yaliyogusa sakafu na ukuta, yalikuwa magumu kama udongo wa tofali. Tulipofungua moja, likatoka vumbi la kijani na harufu ya nguo iliyolala mbichi ndani ya sanduku.

Mweka hazina akasema, “Lakini tarehe haiyaisha!” Na kweli, tarehe iliyoandikwa kwenye gunia ilikuwa bado miezi minne mbele. Mama mmoja akauliza swali ambalo hatukuwa na jibu zuri la kumpa: “Na makuta yetu je?”

Makuta hayakurudi. Kwa hiyo tumeandika somo hili ili koperative nyingine isilipe ada hiyo hiyo. Lisomeni pamoja katika mkutano, na mwenye gunia nyumbani alilete, maana somo hili ni la macho, pua na mikono.

1. CHAKULA CHA SAMAKI KINAHARIBIKA NAMNA GANI?

Kidonge cha samaki kinaonekana kikavu kama kokoto, kwa hiyo tunadhani hakiozi. Kumbe ndani yake kuna unga wa samaki, soya, pumba, mafuta na vitamini. Hivyo vyote vina maadui wanne: joto, unyevu, hewa na muda. Huku kwetu kando ya ziwa maadui wote wanne wako pamoja. Joto lipo mwaka mzima, na kuanzia Oktoba hadi Mei mvua inaleta unyevu ambao unaingia hata ndani ya nyumba iliyofungwa.

Uharibifu wenyewe ni wa aina tatu, na kila aina ina alama zake.

Ya kwanza: mafuta yanachacha. Kila mama hapa anajua mawese yaliyokaa sana, yale yanayokwaruza koo. Mafuta yaliyo ndani ya kidonge yanafanya vilevile yakikutana na hewa na joto. Harufu inabadilika, samaki anapunguza kula, anakua polepole, na ini lake linaumia. Pumba za mchele kutoka kwenye mashini zetu zinachacha haraka zaidi, juu ya mafuta yake. Pumba mbichi zikikaa wiki chache katika joto zinaanza kuwa chungu.

Ya pili: vitamini zinakufa. Hapa pua haikusaidii. Vitamini C ndiyo inayokufa mbele ya zingine, hata kama kidonge bado kina rangi nzuri. Samaki aliyeikosa kwa muda mrefu anapinda mgongo, anatoka damu kwenye mapezi, na vidonda vyake havifungi. Vifaranga vinaumia kuliko samaki wakubwa, kwa sababu ndio wanajenga mifupa.

Ya tatu: kuvu, ile tunayoita ukungu. Unyevu ukiingia, kuvu inaota. Baadhi ya kuvu hutengeneza sumu inayoitwa aflatoksini. Sumu hii haina rangi wala harufu yake mwenyewe, na inapiga ini.

Tuseme kidogo juu ya sumu hii, maana kuna watu wanaona ni hadithi za wazungu. Mwaka 1960 kule Uingereza bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa katika miezi michache bila mtu kujua ugonjwa gani. Walipochunguza, wakakuta shida ni mashudu ya karanga yaliyokuwa na kuvu ndani ya chakula chao. Hapo ndipo aflatoksini ilipojulikana. Na si kwa ndege peke yake. Jirani yetu Kenya, mwaka 2004, hasa katika maeneo ya Makueni na Kitui, watu 317 waliugua na 125 wakafa baada ya kula mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu. Mahindi hayo hayakutoka mbali. Ni mahindi ya nyumbani mwao.

Kwa hiyo mtu akikuambia, “Ukungu kidogo si kitu, samaki haoni,” mkumbushe hesabu hiyo.

2. KABLA YA KULIPA: SOMENI GUNIA

Magunia yanayofika kwetu yanatoka nchi mbalimbali, na maandishi yake ni ya Kifaransa au Kiingereza. Msiogope lugha. Tafuteni mambo matano tu.

Siku ya kutengenezwa. Mara nyingi iko karibu na herufi FAB au MFG. 
Siku ya mwisho. Iko karibu na herufi EXP. 
Namba ya fungu. Hiyo inasaidia kumrudia muuzaji: magunia yenye namba moja yalitengenezwa pamoja.
Kiasi cha protini, kwa asilimia. Vifaranga vinahitaji zaidi kuliko samaki wakubwa.
Ukubwa wa kidonge, kwa milimita. Kidonge kikubwa kuliko mdomo wa samaki ni hasara hata kikiwa kipya.

Angalieni tarehe zote mbili pamoja. Tarehe kama 03/08 inaweza kuwa tarehe 3 mwezi wa nane, au mwezi wa tatu tarehe 8, kufuatana na nchi iliyoandika. Ukilinganisha FAB na EXP utaelewa ni ipi.

Sasa hapa ndipo tulipokosea sisi. Tarehe ya EXP ni ahadi ya kiwanda, na ahadi hiyo ina sharti: gunia likae pakavu, penye kivuli, bila kufunguliwa. Kiwanda hakikuona lori likisimama siku tatu kwenye jua pale Kavimvira. Hakikuona mvua iliyopita chini ya hema barabarani kati ya Kamanyola na Sange. Hakikuona depo yako. Tarehe ikiisha, acha. Tarehe ikiwa bado, usiamini peke yake. Endelea na vipimo vinavyofuata.

Katika joto la kwetu, shauri letu ni hili: chakula cha vidonge kitumike ndani ya miezi miwili au mitatu tangu kufika depo, hata kama gunia linatoa muda mrefu zaidi.

Gunia lenyewe pia linasema. Angalia ushonaji: kama kuna matundu ya uzi wa zamani pembeni ya uzi mpya, gunia lilifunguliwa likashonwa tena. Angalia chini na pembeni: doa la maji likikauka linaacha mstari wa rangi ya chai. Piga gunia kwa kiganja, kisha liinue kona moja. Chakula kizima kinateleza ndani kama mchele. Kikiwa kimeshikamana kama jiwe, maji yalishaingia.

Na msinunue chakula kilichomwagwa ndani ya mifuko ya plastiki sokoni bila jina wala tarehe, hata kama bei inacheka. Hakuna anayejua kilitoka gunia gani. Wazee walisema rahisi ni ghali, na hapa ndipo penyewe.

3. VIPIMO VITANO VYA MKONONI

Fungua gunia moja kati ya kila matano, na uchague yaliyokuwa chini ya mzigo. Chukua chakula juu, katikati na chini ya gunia, siyo juu tu. Mfanye watu wawili, mmoja asitegemee pua ya mwenzake.

Pua. Weka konzi moja ya vidonge mkononi, visugue, unuse kwa mbali. Chakula kizima kinanuka kama unga na ndagala kavu. Kikinuka kama rangi ya mlango, au mawese ya zamani, mafuta yamechacha. Kikinuka udongo mbichi au nguo iliyofungiwa, ni kuvu. Usiingize kichwa ndani ya gunia ukavuta pumzi: vumbi la kuvu linaumiza mapafu. Funga kitambaa puani ukifungua gunia unalolishuku.

Macho. Mwaga konzi tano juu ya karatasi nyeupe au sahani, mahali penye mwanga. Tafuta madoa meupe, ya kijani au meusi, nyuzi kama za buibui, wadudu, na mavi ya panya. Rangi iwe moja. Vidonge vingine vikiwa vyeupe na vingine kahawia, uliza kwa nini.

Vidole. Vunja kidonge. Kizima kinavunjika kwa mlio. Kinachopinda au kubonyea kimekula unyevu. Halafu chekecha kilo moja kwa chekeche ya unga na upime vumbi lililoanguka. Ukipata gramu 50 za vumbi katika kilo, maana yake gunia la kilo 25 lina kilo moja na robo ambayo samaki hataiona. Vumbi hilo linazama, linaoza, linakula hewa ya maji. Umelipa chakula, umepata uchafu.

Chumvi. Kipimo hiki wakulima wengi wanakijua kwa mahindi. Tafuta chupa ya kioo iliyo kavu kabisa. Tia chumvi kavu, vijiko viwili au vitatu. Kama chumvi yako ni mbichi, ikaange kwanza na uiache ipoe. Tia vidonge mpaka nusu ya chupa, funga, tikisa dakika mbili, acha itulie robo saa. Chumvi ikigandama kwenye kioo, chakula kina maji kupita asilimia 15. Hicho ni kibichi sana, hakiwezi kukaa. Lakini mukumbuke: chumvi isipogandama haisemi kwamba yote ni sawa. Kidonge kizuri kinatakiwa kuwa na maji asilimia 10 hivi, na chumvi haiwezi kukuonyesha tofauti ya 10 na 14. Inakamata kibaya sana tu.

Maji. Chukua ndoo ya maji ya bwawa, tia vidonge 50, hesabu. Kama gunia linasema vidonge vinaelea, baada ya dakika kumi karibu vyote viwe juu bado na viwe na umbo lake. Vikizama mapema au kuwa uji, vilipata maji au havikutengenezwa vizuri. Chakula kinachoyeyuka kabla samaki hajakifikia ni mbolea ya bei kali.

Je, na kuwapa samaki kidogo ili tuone? Fanyeni, lakini mwisho, baada ya vipimo vingine kupita. Samaki kukataa chakula ni alama kubwa. Samaki kukubali si ushahidi wa uzima, maana aflatoksini haina ladha ya kumfukuza, na ini haliumii siku moja.

4. TUMEKUTA UBAYA, TUFANYE NAMNA GANI?

Hapa ndipo mkutano unawaka moto, kwa sababu kila gunia lina makuta ya watu ndani. Tugawanye mambo.

Kuvu inaonekana, au harufu ya kuvu ipo: gunia hilo lote halitumiki. Tunajua shauri linalokuja: “Tuanike juani.” “Tukaange.” “Tuchekeche, tutoe kibaya.” Jua linakausha kuvu lakini haliondoi sumu iliyokwisha kutengenezwa. Moto wa jikoni hauimalizi. Chekeche haiioni. Tena usilipe kuku, mbuzi wala nguruwe. Na zaidi ya wote usimpe bata, maana vifaranga vya bata ni dhaifu sana mbele ya aflatoksini. Usimwage ziwani wala mtoni. Chimba shimo mbali na kisima, uzike.

Harufu ya mafuta yaliyochacha, bila kuvu: usiwape vifaranga wala samaki wazazi. Ushauri wetu ni kutolisha kabisa. Likiwa bado mikononi mwa muuzaji, lirudishwe.

Tarehe imepita siku chache, lakini vipimo vyote vitano ni vizuri: kama ni la muuzaji, msinunue. Kama ni lenu tayari, lipeni samaki wakubwa walio karibu kuvuliwa, na mulimalize haraka. Vifaranga wapate gunia jipya, kwa sababu ya zile vitamini tulizosema.

Magunia ya juu mazuri, ya chini mabaya, kama tuliyoyakuta sisi: kila gunia lipimwe peke yake. Katika ile koperative tulipima yote 20. Tisa yalizikwa. Siku ile hakuna aliyesema maneno mengi. Vijana wawili walichimba, na prezida wa koperative akasimama pale mpaka udongo ukafunika, ili baadaye mtu asisikie kwamba gunia limeonekana sokoni.

5. DEPO: NUSU YA KAZI IKO HAPA

Chakula kizima kinaweza kuharibika mikononi mwetu ndani ya wiki tatu. Depo nzuri haihitaji saruji nyingi, inahitaji utaratibu.

Magunia yasiguse sakafu. Panga mbao au miti iliyonyooka, urefu wa kiganja kizima kutoka chini, ili hewa ipite. Yasiguse ukuta: acha nafasi mtu apite kwa ubavu, maana ukuta unanyonya maji ya mvua na kuyapeleka kwenye gunia. Wale wa Uvira mjini wanakumbuka mafuriko ya Aprili 2020, Mulongwe ilipotoka njia yake. Nyumba nyingi zilizosimama zilibaki na kuta zenye unyevu kwa muda mrefu. Ukuta unaweza kuonekana mkavu kwa macho na bado ukawa unalowesha gunia.

Yasiwekwe karibu sana na bati. Mchana joto la bati linapika mafuta ya chakula. Yasilale chumba kimoja na petroli, dawa za mimea, saruji au chumvi. Panya wapigwe vita, kwa sababu mkojo wao unaleta magonjwa kwa mtu anayeshika chakula kile.

Andika tarehe ya kufika kwa makaa au kalamu nene kwenye kila gunia. Lililotangulia kuingia litangulie kutoka. Likifunguliwa, litumike ndani ya wiki mbili hadi nne. Chakula cha kila siku kiwekwe katika bidoni au ndoo kavu yenye mfuniko. Usimwage kipya juu ya masalio ya zamani. Osha ndoo, kausha, ndipo ujaze.

6. HESABU YA KUNUNUA

Kosa letu kubwa halikuwa la pua, lilikuwa la hesabu. Tuifanye pamoja.

Bwawa lina samaki 1,000. Mumepima wachache, wastani ni gramu 100. Jumla ya uzito ni kilo 100. Mukiwapa asilimia 3 ya uzito kwa siku, ni kilo 3. Gunia la kilo 25 linakwenda siku 8. Kwa mwezi ni kilo 90, yaani hata magunia manne hayaishi.

Ile koperative ilikuwa na bwawa kama hilo moja. Magunia 20 ni kilo 500. Ukigawa kwa 3 unapata siku 166, zaidi ya miezi mitano. Ni kweli samaki wanakua na wanakula zaidi, lakini hata hivyo sehemu kubwa ya mzigo ule ilikuwa ipite msimu wa mvua ndani ya depo. Tulihesabu bei ya jumla. Hatukuhesabu siku. Punguzo tulilolipata lilizikwa pamoja na yale magunia tisa, na juu yake tena.

Basi kanuni yetu mpya: nunueni cha mwezi mmoja, au mwezi na nusu kama barabara inatisha. Kama mnataka bei ya jumla, unganeni makoperative mawili au matatu, mnunue pamoja na mgawane siku ile ile. Bei inashuka, na hakuna depo inayobeba mzigo wa miezi mitano.

7. KWA WANAOCHANGANYA WENYEWE

Wengi wetu tunachanganya pumba za mchele, mashudu ya mawese au karanga, na unga wa ndagala. Ni jambo jema, na vipimo ni vilevile. Ongezeni haya matatu.

Pumba zinunuliwe mashinini siku ile ile mchele ulipokobolewa, zitumike mbele ya vingine. Ndagala iliyoanikwa juu ya mchanga inaleta mchanga ndani ya unga. Iliyoanikwa juu ya wavu au meza ni safi zaidi, na ikivunjwa inakatika kwa mlio. Iliyokaushwa nusu inaoza katikati hata kama nje imekauka. Na mashudu ya karanga yaogopeni kuliko yote: karanga na mahindi ni nyumba ya aflatoksini. Karanga zilizosinyaa, zenye rangi ya ajabu, ambazo mama hawezi kuweka kwenye sombe ya nyumbani, hazifai kwa samaki pia.

Changanyeni cha wiki moja tu. Chakula cha nyumbani hakina dawa ya kuzuia mafuta kuchacha kama kile cha kiwanda.

8. NENO KWA WANAOSHIKA SAMAKI WA MAPAMBO

Ziwa letu lina aina zipatazo 250 za samaki wa jamii ya sikilidi, na karibu zote hazipatikani mahali pengine duniani. Kwa miaka mingi samaki hao wanauzwa nje wakiwa hai. Huko Ulaya kuna wafugaji wanaoyajua majina ya Pemba, Bemba na Luhanga kwa sababu tu samaki wa miamba ya huko wanauzwa kwa majina ya vijiji hivyo.

Wanaowaweka katika matangi kabla ya safari hutumia chakula cha kopo, chembechembe nyembamba kama maganda. Hicho kinaharibika haraka kuliko kidonge, kwa sababu ni chepesi na hewa inakigusa pande zote. Nunueni kopo dogo, andikeni siku ya kulifungua, lisipite miezi michache. Msichote kwa vidole vilivyolowa. Msiweke kopo juu ya tangi, mvuke unaingia. Na samaki wa aina ya Tropheus, ambaye kazi yake ni kukwangua majani ya maji juu ya mawe, ana utumbo mrefu usiovumilia chakula kibaya au kizito. Anavimba tumbo na kufa. Kwake kopo la zamani ni hasara ya tangi zima.

9. MAPATANO YA KOPERATIVE

Tunapendekeza kila koperative ipitishe haya katika mkutano na kuyaandika katika daftari:

Watu wawili, mmoja wao mama, wawe wapokeaji wa chakula. Bila wao hakuna gunia linaloingia depo, na hakuna karatasi ya kupokea inayotiwa sahihi kabla ya vipimo.

Muuzaji aambiwe mapema, siyo baada ya ugomvi: gunia lenye kuvu au lililoshonwa tena linarudi. Muuzaji mzuri atakubali, kwa sababu naye anataka mteja wa mwaka kesho.

Kwa kila mzigo, andikeni FAB, EXP, namba ya fungu, siku ya kufika na matokeo ya vipimo. Wekeni nusu kilo katika chupa iliyofungwa vizuri, yenye jina. Samaki wakiugua, chupa hiyo ndiyo shahidi wenu mbele ya muuzaji, na ndiyo kitu cha kumwonyesha fundi wa ufugaji.

Kila Jumatatu mtu aingie depo, aguse magunia ya chini. Ya chini, siyo ya juu. Sisi tuliangalia ya juu.

MASWALI YA KUZUNGUMZA PAMOJA

Gunia la zamani kuliko yote katika depo yetu liliingia lini? Nani anajua bila kwenda kuangalia?

Kwa samaki tulio nao leo, gunia moja linakwenda siku ngapi? Fanyeni hesabu ubaoni.

Tukikuta magunia matatu yana kuvu kesho, nani ana ruhusa ya kuyazika? Na je, hasara tunaibeba wote, au anaibeba mwenye ufunguo?

Swali hili la mwisho lisipite haraka. Katika koperative tuliyoisema, mwenye ufunguo wa depo aliogopa kusema alipoona doa la kwanza, kwa kuwa alijua atalipishwa. Akanyamaza wiki mbili. Ndani ya wiki hizo kuvu ilitoka gunia moja ikafika tisa. Baadaye wanamemba walikaa, wakakubaliana kwamba anayetoa habari mapema halipishwi hata franga moja. Tunaona hilo ndilo lililookoa mzigo uliofuata: mwezi wa pili yule yule mwenye ufunguo aliita watu kwa doa dogo la ukubwa wa sahani, gunia likatolewa, mengine yakabaki mazima.

Leo wananunua magunia manne kwa mara moja, pamoja na koperative ya jirani. Samaki wanakula. Wanatutania bado kwa zile picha tulizopiga siku ya kwanza, na tunastahili.

Fanyeni vipimo na gunia mlilo nalo, kisha mtuambie mlichokuta tutakapopita. Hata kama mtakuta kosa letu lingine.